Baiskeli Aliyoichagua Mjomba

Walikwenda Wete watatu kununua baiskeli, na katika watatu hao mwenye kuihitaji alikuwa mmoja tu, naye ndiye asiyeulizwa neno. Mbele alikwenda Mjomba Hafidh, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya Kiomani imekaa kichwani kama imezaliwa naye. Nyuma yake alikwenda Ngwali, shemeji yake, mkono umeukamata mfuko kwa nje kama mtu mwenye kichomi. Mfukoni mlikuwa na pesa za ndama aliyeuzwa juzi. Rahila, binti yake Ngwali, alifuata mwisho, akipewa mifuko ya kushika kila walipopita dukani.

Rahila alikuwa amepata kazi Konde, katika duka la dawa la Bi Nahla. Alikwisha kusomea dawa Unguja, akarudi kwao Wingwi na cheti, akakaa nacho ndani mpaka watu wakaacha kumwuliza kazi wakaanza kumwuliza mume. Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio. Bi Nahla alimwambia wazi kwamba duka hufunguliwa saa mbili, na atakayeona taabu kufika saa mbili basi asijitaabishe. Gari za Wingwi huondoka zikijaa, na hujaa zinapotaka zenyewe. Bila ya baiskeli hapakuwa na kazi, na bila ya kazi Rahila angerudi kupalilia muhogo na kungojea posa ya mtu yeyote atakayejitokeza. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu nyumbani, na ndiyo maana ndama aliuzwa.

Sasa kwa nini Mjomba Hafidh? Kwa sababu alitoka Maskati. Miaka yote aliyokaa huko alikuwa akiwapeleka shule watoto wa Mwarabu mmoja na kuwarudisha, lakini mtu akisharudi kutoka Arabuni hakuna jambo asilolijua. Anajua simu, anajua saruji, anajua hata maradhi ya mbuzi, ingawa mbuzi wa Maskati hakuwaona ila juu ya sinia la wali. Isitoshe, mabati ya nyumba ya Ngwali aliyatoa yeye. Aliyatoa mara moja tu, na tangu siku hiyo ameyataja kila Ijumaa.

Duka la baiskeli lilikuwa la Mjaka, karibu na soko. Mjaka huuza baiskeli za mtumba zinazokuja kwenye kontena kutoka Ulaya, na huwapima wateja wake kwa viatu. Akiona kandambili zenye udongo mwekundu, basi amejua huyu wa shamba, na huyu atanunua kile asichokitaka mtu wa mjini.

"Karibuni, Mzee wangu, karibuni," alimwambia Mjomba Hafidh, maana ndiye aliyevaa makubadhi.

Rahila alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli nyeusi iliyoegemea mlangoni. Ilikuwa nzito, yenye keria nyuma, madigadi mbele na nyuma, breki mbili, na kava la kuzuia nguo isiliwe na mnyororo. Aliinyanyua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli kwa mkono, akaiacha. Gurudumu liliendelea kuzunguka na pedeli ikatulia.

"Baba, mie naona ino," alisema.

Ngwali aliitazama kwa mapenzi. Alipanda baiskeli kama hiyo tangu ujana wake, na magunia ya muhogo nyuma, mpaka yake ikaisha kwa kutu. Akafungua mdomo, lakini Mjomba Hafidh alikwisha kucheka.

"Hino? Hino ya kubebea nazi. Mtoto ana cheti, ana kazi ya dawa, mwampandisha chuma hicho? Bei gani kwanza?"

Mjaka akataja bei. Mjomba Hafidh akarudi nyuma kama amemwagiwa maji ya moto. "Kwa chuma hicho? Huko Maskati zaokotwa."

Hapo ndipo Mjaka alipoinua macho kwenye ukuta. Katika msumari, juu ya matairi, ilitundikwa baiskeli moja nyembamba ya rangi ya fedha, fremu imeshuka katikati kama za kike, haina keria, haina madigadi, haina kengele, na breki yake ni moja ya mbele. Mtu fulani huko Ulaya, ambaye pengine alikuwa na wazimu wake, aliivua kila kitu. Watu waliowahi kuinunua walimrudishia Mjaka, mmoja wao akiwa amefungwa bandeji ya mkono. Mjaka aliitungua kwa mikono miwili, taratibu, kama anayeshusha msahafu.

"Hii sikuwa nataka kuiuza," alisema. "Lakini kwa kuwa nimeona mtu mjuzi."

Mjomba Hafidh aliinyanyua kwa mkono mmoja. Uso ukamng'aa. "Shemeji, hebu shika. Shika uone wepesi wake."

Ngwali alishika, akaona wepesi wake. Rahila alichutama, akaisukuma pedeli nyuma, na gurudumu lote likarudi nyuma pamoja nayo. Akaizungusha mbele, akaachia. Pedeli ziliendelea kuzunguka zenyewe.

"Mjomba, pedeli zake hazitulii," alisema. "Gurudumu likizunguka, na zo zazunguka. Mtu akiteremka mlima atazifanyaje?"

"Haina friwili ya kuziachia pedeli," alisema Mjaka haraka. "Ndivyo zilivyo. Ulaya wenye kwenda makazini ndo wapandazo hizi."

Mjomba Hafidh hakujua friwili ni kitu gani, lakini hakuwa mtu wa kuzuiliwa na hilo. "Afadhali. Kidude kimoja cha kuharibika kimepungua."

"Na breki ya nyuma haina," alisema Rahila.

"Breki yake ni miguu," alisema Mjaka.

"Umesikia? Breki ni miguu yako mwenyewe. Haitaki hata raba." Mjomba Hafidh akamgeukia Ngwali. "Shemeji, wasemaje?"

Ngwali alizitazama zile pedeli zikizunguka peke yake mpaka zikachoka. Alijua. Mtu aliyeteremka vilima vya Pemba na gunia nyuma hawezi kutojua. Alimtazama binti yake, akamtazama na shemeji yake.

"Mie nasemaje," alisema. "Weye ndo mjuzi."

Mjomba Hafidh alipatana bei kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, akaishusha mpaka ikawa nusu ya ile nyeusi, na Mjaka akajifanya anaumia. Pesa zilitoka mfuko wa Ngwali. Lakini waliporudi Wingwi, na majirani walipotoka kuitazama, Mjomba Hafidh alisimama katikati ya kiwanja akasema, "Nimemnunulia mtoto baiskeli." Hakuna aliyemsahihisha.

*

Siku ya kwanza Rahila aliipanda uwanjani, na alipotaka kupumzisha miguu, baiskeli ilimrusha kwenye mashina ya mgomba. Watoto walicheka. Mjomba Hafidh alicheka zaidi ya watoto.

"Ya kizungu huzoewa," alisema. "Hata gari za Maskati, mtu hazijui siku moja."

Jioni Rahila alimfuata baba yake bandani, alipokuwa akimfunga ng'ombe aliyebaki.

"Baba, turudi kwa Mjaka. Tuongeze kidogo tuchukue ile nyeusi. Ino itaniua."

Ngwali alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Mjomba wako atasemaje?"

"Baba, mpandaji ni mie."

"Mwanangu, hayo mabati unayolalia chini yake ni yake. Tumwambie hakujua kuchagua? Mbele ya watu?" Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi Rahila. "Weye ni mwerevu. Utaizoea."

Akaizoea, ikiwa kuzoea ni kujua pale mtu atakapoumia. Kwenye tambarare aliiweza vizuri. Ilikwenda kwa kasi na bila ya kelele. Kwenye mipando alitokwa jasho kama wengine. Kwenye miteremko, pale ambapo kila mwenye baiskeli kisiwani huinua miguu, akapepewa na upepo na kumshukuru Mola wake, Rahila alishuka na kuikokota. Wazee waliokwenda shamba na baiskeli zao mbovu walimpita wakiteremka na magunia, wakimwuliza kama imepata pancha. Mmoja alimwambia baiskeli nzuri kama hiyo ni haramu kutembezwa kama mbuzi.

Kwa hiyo alichelewa. Hakuchelewa sana, lakini Bi Nahla hakuwa mtu wa kupima uchelewaji.

"Rahila, una baiskeli?" alimwuliza asubuhi moja, akiwa anafungua kufuli mwenyewe.

"Ninayo, Bi Nahla."

"Naiona. Yang'aa kuliko duka langu. Sasa kwani wafika baada ya wenye miguu?"

"Inanisumbua kwenye miteremko."

"Mteremko ndo unaokusumbua?" Bi Nahla alimtazama kama mtu aliyelalamika kwamba chakula kimekuwa kitamu. "Watu wote husumbuliwa na mpando. Sikiliza, mwanangu. Mpwa wa mume wangu ataka kazi hii, na yuaishi hapa hapa Konde. Mie nakutaka weye kwa kuwa wasoma maandishi ya madaktari. Ukichelewa tena, ntamchukua yeye asiyejua kusoma."

Rahila alimwambia mama yake, Bimkubwa, maneno hayo. Bimkubwa akamwambia mumewe. Ngwali akasema atazungumza na Hafidh. Alipozungumza na Hafidh, walizungumza bei ya karafuu.

*

Asubuhi ya masika, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Rahila alingojea ikatike, na ilipokatika alikuwa amechelewa kutoka. Alikanyaga kwa nguvu zake zote kwenye tambarare. Alipofika kichwani mwa mteremko mkubwa, alijua kwamba akishuka na kuikokota hatafika saa mbili. Akajifunga baibui vizuri, akasema Bismillahi, akabaki juu.

Mwanzo ilikwenda. Miguu yake ilikimbizana na pedeli na kuzipata. Kisha mlima ukazidi, na pedeli zikazidi, na miguu ikabwagwa pembeni, na zile pedeli zikawa zinampiga visigino kila alipojaribu kuzirudia. Akakamata breki ya mbele. Raba ilikuwa imelowa na rimu imelowa, na breki ikateleza kwenye chuma kama sabuni.

Chini ya mteremko, njia nzima ilikuwa imejaa kanzu nyeupe. Kitongoji cha bondeni kilikuwa kinamzika Mzee Ahmada. Walimtoa mapema, mvua isije ikawajazia kaburi maji, na jeneza lilikuwa mabegani likivuka njia kwenda upande wa pili, watu wakipokezana, sauti zao za kumtaja Mungu zikipanda mpaka juu.

Mtu wa Pemba akiliona jeneza hushuka kwenye baiskeli. Hufanya hivyo mlevi, hufanya hivyo askari, hufanya hivyo hata aliyekosana na maiti. Hushuka, huegemeza baiskeli yake, na akiweza hufuata hatua chache na kutia bega. Mtoto wa chuoni hufundishwa jambo hilo kabla hajahitimu juzuu yake ya kwanza. Na Rahila alikuja juu ya baiskeli, miguu hewani, baibui limepanda magotini, akipiga kelele, "Nipisheni! Jamani, nipisheni!"

Walimpisha. Waliokuwa nyuma walirukia majani, waliokuwa chini ya jeneza walikwenda upande, jeneza likalala kombo, na wanaume wazima wakapiga ukelele ambao Mzee Ahmada alipokuwa hai asingeuvumilia. Mikono ikaliwahi. Halikuanguka. Rahila alipita kwenye uwazi uliobaki, akaingia kwenye shamba la muhogo, na muhogo ndio uliomsimamisha.

Alilala pale, goti limechanika, matope mdomoni. Hakuna aliyekwenda kumwinua. Watu wote wale, na wengi wao waliujua uso wake tangu utotoni, walisimama wakamtazama. Mwisho mmoja alisogea mpaka ukingoni mwa shamba, na Rahila akadhani anakuja kumpa mkono.

"Funika mguu," alisema yule mtu, akarudi kwenye maziko.

*

Siku ya pili, baada ya Alasiri, walikuja kwenye baraza ya Ngwali. Alikuja Bakar, mtoto mkubwa wa marehemu, akaja na Sheha, mkuu wa kijiji wa serikali, na Mjomba Hafidh akaja bila ya kuitwa. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukutani, imeoshwa, haina hata mkwaruzo. Rahila alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, goti limefungwa, pamoja na mama yake. Asubuhi ile Bi Nahla alikuwa amepiga simu. Alimpa pole, kisha akamwambia kama kesho atafika saa mbili, yamekwisha. Na kama hatafika, basi asimfikirie vibaya.

Walikunywa kahawa. Walisalimiana upya, wakaulizana hali za watu ambao hali zao walizijua. Kisha Bakar akaweka kikombe chini.

"Hatukuja kudai kitu," alisema. "Baba yangu keshazikwa, alhamdulillahi. Twataka kujua tu. Mtoto wa Kiislamu, kalelewa kuno kuno, aona jeneza, hashuki?"

"Hilo ndo suala," alisema Sheha, ambaye kazi yake ilikuwa kurudia maneno ya mwenye hasira kwa sauti ya chini.

Ngwali alitazama mkeka.

"Baiskeli haina ila," alisema Mjomba Hafidh, ingawa hakuna aliyeitaja baiskeli. "Mie niliichagua kwa mkono wangu. Baiskeli ya Ulaya hiyo. Ila watoto wa kike wa siku hizi, akili zao ziko kwenye simu."

Pazia lilitikisika. "Sikuwa na simu mkononi," alisema Rahila kutoka ndani. "Msamaha nauomba. Mzee Ahmada alikuwa babu yetu sote, na Mungu aniwie radhi. Lakini sikuweza kushuka. Pedeli za baiskeli hino hazitulii, na breki ni moja. Nlisema dukani kabla haijanunuliwa. Nlimwambia mjomba. Na baba alikuwepo."

Mjomba Hafidh alitabasamu, tabasamu la mtu aliyetukanwa na mtoto na anataka watu waone subira yake. "Sikumbuki maneno hayo," alisema.

Bakar hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huzuni, na huzuni yake ilitaka pa kuwekwa. Kama ingepata baiskeli ingekaa hapo. Alimgeukia Ngwali. "Mzee Ngwali, weye hatukujui kwa uongo. Mtoto alisema?"

Hapo palikuwa na jambo dogo sana la kufanya. Neno moja tu lilitakiwa, nalo ni fupi: ndiyo. Bakar angeondoka, watu wangemcheka Hafidh kwa wiki mbili, Rahila angekwenda kazini kesho hata kwa gari ya kukodi, na kitongoji kingesahau ifikapo karafuu. Ngwali aliinua macho, yakapita kwa Bakar, yakapita kwa shemeji yake, yakaishia juu kwenye ukingo wa bati.

"Kulikuwa na kelele za soko," alisema. "Mie sikusikia."

Nyuma ya pazia, Rahila aliinuka akaenda kulichukua koti lake la kazi.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda vizuri, kama yanavyokwenda mambo watu wakishakubaliana kufunika kombe. Sheha alisema kijana wa kike kupanda baiskeli si haramu, hakuna aliyesema haramu, lakini kwa heshima ya wafiwa asionekane tena njiani. Bakar alisema ameridhika, na uso wake ulionyesha kwamba hakuridhika, ila amechoka. Mjomba Hafidh alisema maneno mazuri kuhusu udugu.

"Na kazi yake?" aliuliza Bimkubwa kutoka ndani.

"Kazi," alisema Sheha, akitafuta kofia yake. "Kazi zipo, dada yangu. Heshima ndo ikiondoka hairudi."

Alipata mshahara kila mwezi wa kusema maneno kama hayo. Wakasoma Fatiha, wakainuka.

Mjomba Hafidh alitangaza kwamba baiskeli ataichukua yeye, aiweke, fitina isiendelee. Aliikamata usukani, akaanza kwenda nayo kwake kwa miguu. Bimkubwa alitoka mpaka kizingitini. Alikuwa dada yake, na alikuwa hajawahi kumjibu tangu arudi kutoka Maskati.

"Kaka, kwani hupandi?" alimwuliza. "Njia ni tambarare mpaka kwako."

Bakar akageuka. Sheha akageuka. Mjomba Hafidh alisimama akaitazama ile pedeli iliyokuwa ikizunguka taratibu kando ya mguu wake, kila alipoisukuma baiskeli.

"Goti laniuma leo," alisema.

Wote walikiona walichokiona. Bakar alikohoa. Sheha akauliza kama mvua itarudi, na wote wakakubaliana kwamba itarudi.

Ngwali aliingia ndani wageni walipokwisha kuondoka. Rahila alikuwa amekaa juu ya kitanda, akilikunja koti jeupe la kazi, mkono juu ya mkono, kisha katikati. Baba yake alikaa ukingoni mwa kitanda. Alisugua magoti yake kwa viganja kwa muda mrefu.

"Nlikusikia, mwanangu," alisema polepole, asije akasikika nje. "Kule dukani. Nlikusikia."

"Najua, baba," alisema Rahila. "Na mie nimekusikia hapo barazani."

Ngwali alingoja. Alingoja aambiwe kwamba si kitu, kwamba mtu mzima ana mizigo yake, kwamba mabati ni mabati. Yalikuwa maneno ambayo binti yake alikuwa akimpa siku zote, tena bila ya kuombwa. Rahila alilitia koti kwenye mfuko wa plastiki, akachukua simu, akampigia Bi Nahla. Akamwomba radhi, akamwambia kesho hatafika, na kazi ampe yule mpwa wa mumewe. Akamweleza dawa zipi zimekaribia kuisha, na zipi zisiuzwe bila ya cheti cha daktari. Alisema yote hayo bila ya kulia, na Ngwali alikaa palepale akasikiliza kila neno.